Kabla hujakodi sizalifti, igonge sakafu

Simu huwa inakuja hivi: "Fundi, tutafutie siza ya mita kumi, kesho asubuhi iwe saiti." Anayepiga amesimama katikati ya ghala, ametazama kenchi za chuma huko juu, amekisia. Mimi namuuliza swali moja tu: chini kuna nini? Hapo hunyamaza kidogo, kisha ananijibu, "Chini si ni zege?"

Mimi ni fundi umeme. Nilianza Tanga nikipanda mirunda, nikaenda Doha miaka mitatu kufunga trei za kebo na taa, kisha nikarudi Dar es Salaam. Sasa nina kikosi kidogo cha mafundi, tunafunga umeme kwenye maghala na viwanda, kuanzia Kurasini mpaka Kibaha. Hatuna sizalifti yetu hata moja, tunakodi. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu anayelipia mashine kwa siku, halafu anapanda juu yake mwenyewe. Nayaandika kwa sababu kule Tanga mwenzangu mmoja aliteleza kwenye mirunda, akavunjika nyonga, na hajarudi kwenye kazi hii mpaka leo. Siku ile tungekuwa na jukwaa lenye uzio pande zote, asingeanguka. Lakini nimeona pia siza iliyochaguliwa vibaya ikitaka kuwaua watu wawili kwa mpigo.

Kwa asiyeifahamu sizalifti, au siza kwa kifupi: ni jukwaa lenye uzio, linalonyanyuliwa na vyuma vilivyopishana kama mikasi kadhaa iliyopangwa moja juu ya nyingine. Linapanda wima, linashuka wima. Haliwezi kujinyoosha kuvuka kitu. Lishike hilo, tutalirudia.

Sakafu kwanza

Ghala moja upande wa Barabara ya Nyerere lilikuwa na jamvi jipya, yaani zege la sakafu ya chini, limesuguliwa kwa mashine likang'aa kama sahani. Mwenye kazi alinihakikishia kwamba sakafu iko tayari na naweza kuleta mashine yoyote. Nilichukua kipande cha nondo cha milimita 16, urefu wa mkono, nikaanza kutembea na kijana wangu kwenye mstari ambao taa zingefungwa, tukigonga kila hatua. Zege imara inajibu kwa sauti kavu, fupi. Tulipofika karibu na chumba cha jenereta, nondo ikatoa sauti nzito ya ngoma. Tukafagia vumbi la saruji. Chini yake palikuwa na ubao wa marine board, chini ya ubao kulikuwa na mtaro wa kebo, kina chake kinafika magotini. Mtu wa saruji alikuwa amepitisha fagio lake juu kwa juu, rangi ikafanana na sakafu nyingine yote. Siza tuliyokuwa tumeagiza ilikuwa na uzito wa karibu tani 2, na uzito huo wote unashuka kupitia tairi nne ndogo za mpira mgumu. Ubao ule ungekatika kama biskuti, na sisi tungekuwa mita 7 juu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuchagua haifanyiki kwenye simu wala kwenye yadi ya kukodisha. Nenda saiti, shika nondo, gonga. Tafuta chemba za maji taka, mitaro ya kebo, mashimo ya nguzo yaliyofukiwa jana, ukingo wa jamvi pale linapokutana na udongo. Ukishapata vitu hivyo vizungushie rangi nyekundu ya kupuliza, kisha uchore njia ya mashine. Kama njia salama ni nyembamba, hapo ndipo unapojua kwamba unahitaji mashine nyembamba, hata kama ulitamani kubwa.

Utaambiwa kwamba siza zina vyuma vya kinga vinavyoshuka chini ya tumbo jukwaa likinyanyuka. Ni kweli. Vinashuka mpaka vinabaki kama sentimita 2 kutoka sakafuni, ili tairi ikidondoka kwenye kishimo mashine ikalie vyuma hivyo badala ya kupinduka. Hivyo vyuma vimeokoa watu wengi. Lakini vimetengenezwa kwa kishimo kidogo, havikutengenezwa kwa chemba iliyobomoka. Na kama sakafu ina kokoto au vipande vya tofali, vyuma vinagota, havifunguki vizuri, na mashine inakataa kwenda. Mafundi wanasema mbovu, kumbe imekataa kwa faida yao. Fagieni.

Halafu mteremko. Siza nyingi za umeme za ndani huvumilia kuinama nyuzi 1.5 tu kwa ubavu, na nyuzi 3 kwa mbele na nyuma. Namba hizo zinaonekana kama hesabu za darasani mpaka uzigeuze kuwa sentimita. Siza ya upana wa mita 0.76, upande mmoja ukishuka sentimita 2 tu, imefika kikomo chake. Sentimita mbili ni unene wa ubao wa kawaida! Mimi nabeba rula ya aluminiamu ya mita 2 na pimamaji. Nalaza rula kwa upana wa njia ya mashine, nanyanyua ncha ya chini mpaka pimamaji isome sawa, napima pengo. Likifika sentimita 5, siza ya ndani haifai hapo. Maghala mengi yana mteremko wa makusudi karibu na milango ya kupakia, ili maji ya mvua yasiingie. Ni hapohapo wateja wanapenda wawekewe taa.

Kwenye ghorofa mambo yanabadilika kabisa, na hapa naomba usome polepole. Siza ndogo kabisa ya kawaida, ile ambayo jukwaa lake linapanda futi 19, ina uzito wa kilo 1,500 hivi. Ongeza watu na vifaa, kilo 227, unapata zaidi ya kilo 1,700. Imesimama kwenye eneo la mita 1.8 kwa 0.76. Gawanya: ni zaidi ya kilo 1,200 kwa kila mita ya mraba. Slabu ya ofisi, yaani zege la sakafu ya ghorofa, mara nyingi hupigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 250 kwa mita ya mraba. Sisemi kwamba slabu itaanguka, maana mhandisi ana namna yake ya kuhesabu mzigo uliosimama sehemu moja. Nasema kwamba wewe na mimi hatuna ruhusa ya kukisia. Mpelekee mhandisi wa jengo uzito wa mashine na mzigo wa kila tairi, vyote vimeandikwa kwenye kitabu cha mashine, naye akupe jibu kwa maandishi. Usigawanye kwa nne ukasema umemaliza, kwa sababu jukwaa likisogezwa mbele na watu wakisimama kona moja, tairi ya upande huo hubeba zaidi ya wenzake. Jibu likiwa hapana, kuna lifti ndogo za kusukuma kwa mkono ambazo ni nyepesi mara kadhaa, na kwa dari ya ofisi ya mita 3 zinatosha sana.

Na itafikaje huko juu? Lifti ya abiria ya kilo 1,000 haibebi mashine ya kilo 1,500. Kama ni winchi, inabidi iingizwe kabla vioo vya nje havijafungwa, na itolewe je? Nimeona saiti ambapo ilibidi vioo viwili vifunguliwe upya ili mashine ya watu irudi kwao.

Kimo, na zile namba za ubavuni

Sasa tazama juu. Kuna vimo viwili na wakodishaji wanavichanganya, wengine kwa kutojua. Kuna kimo cha jukwaa, yaani pale nyayo zako zinapokanyaga. Na kuna kimo cha kazi, yaani jukwaa pamoja na mita 2 za mtu na mkono wake. Tangazo karibu siku zote litakupa kimo cha kazi, kwa sababu ni kikubwa.

Mita 2 hizo ni za kufikia kitu kwa vidole. Ukifunga taa nyepesi, sawa. Ukitoboa zege kwa drili kubwa siku nzima, mikono imenyooka juu ya kichwa, mabega yako yatakuhukumu saa sita mchana. Kwa kazi ya kutoboa mimi natoa mita 1.6 badala ya 2. Mfano halisi: kenchi ziko mita 9.4. Kwa kufunga taa, 9.4 toa 2, unahitaji jukwaa la mita 7.4. Kwa kutoboa, 9.4 toa 1.6, unahitaji mita 7.8. Siza ya futi 26 inafika mita 7.9. Kazi zote mbili inaziweza, ya pili kwa shida. Ghala likiwa na kenchi za mita 10, usibishane nayo, chukua ya futi 32, ambayo inafika mita 9.75.

Usichukue ndefu kupita kiasi kwa kujihami. Siza ya futi 32 pana ina karibu tani 2.8, inakata kona kwa taabu, na chini ya mabomba na trei zilizokwisha kufungwa inakuwa mtego. Katika ajali za mashine hizi, mtu kubanwa kati ya uzio na boriti iliyo juu yake ni miongoni mwa zinazoua. Anarudi nyuma huku anatazama kazi yake mbele, mgongo unakuta chuma, mwili unalalia mkono wa kuendeshea, na mashine inazidi kwenda. Jukwaa dogo linalotosha ni bora kuliko kubwa linalojaza nafasi yote.

Namba zilizoandikwa ubavuni zinasomeka hivi. Watengenezaji Genie na JLG wanaanza na kimo cha jukwaa kwa futi, wanafuatisha upana kwa inchi. 1930 ni futi 19 na inchi 30. 2632 ni futi 26 na inchi 32. 3246 ni futi 32 na inchi 46. Skyjack wao wanageuza, upana unatangulia: 3219 ni inchi 32 na futi 19, na 4632 ni inchi 46 na futi 32. Haulotte kwenye zile Compact wanaandika kimo cha kazi kwa mita, kwa hiyo Compact 10 jukwaa lake ni la kama mita 8. Ukiagiza kwa simu ukasikia "thelathini na mbili ishirini na sita" ukadhani ni futi 32, utaletewa mashine ya futi 26 na lobedi, lori la kubebea mashine, utalipa mara mbili. Limenipata hilo. Siku hizi naandika kwenye ujumbe: kimo cha jukwaa mita ngapi, upana sentimita ngapi, uzito kilo ngapi. Wanijibu hivyohivyo kwa maandishi.

Upana ni mlango. Sentimita 76 inapita mlango wa kawaida wa jengo, sentimita 117 haipiti. Pima uwazi wenyewe, fremu kwa fremu, usipime ubao wa mlango. Na kimo cha mlango nacho: siza ya futi 19 ikiwa imeshushwa, uzio umesimama, inakaribia mita 2.1. Uzio wa nyingi unakunjwa, lakini uliza, na ukishapita mlangoni usimamishe tena na kutia pini zake kabla mtu hajapanda.

Uzito unaopanda nao

Siza ya futi 19 na ya futi 26 nyembamba hubeba kama kilo 227. Ya 3246 hubeba kama kilo 318. Watu huona kilo 227 ni nyingi. Hesabu nami. Mafundi wawili wa kilo 80, ni 160. Boksi la vifaa na drili, kilo 15. Umebakiwa na 52. Sasa mafundi wa mabomba ya kuzimia moto wanataka kupandisha bomba la chuma la inchi 4, mita 6, unene wa kati. Bomba hilo moja ni kama kilo 73. Limeshapita. Na halikai ndani, linalazwa juu ya uzio, linaning'inia pande mbili, uzito wake unavuta mashine ubavuni. Kwa kazi ya namna hiyo bomba lipandishwe kwa mnyororo wa kuvutia au kinyanyulio cha vifaa, siza ibebe watu tu.

Ile sehemu ya jukwaa inayosogezwa mbele, ya kama mita 0.9, ina kikomo chake pekee. Kwenye nyingi ni kilo 113. Mtu mmoja na vifaa vyake. Wakisimama wawili huko mbele wakasaidiana kuinua taa, wamevunja masharti hata kama jumla ya jukwaa bado haijafika.

Kwa mafundi umeme wenzangu kuna jambo ambalo sijaona likiandikwa pa kutosha: kuvuta kebo. Vitabu vya mashine vinaweka kikomo cha nguvu ya pembeni, niutoni 200 kwa mtu mmoja, 400 kwa wawili. Niutoni 200 ni kama kuvuta kilo 20. Kebo nene ya deraya, yaani iliyovikwa chuma, ikikwama kwenye kona ya trei, wanaume wawili wakaikazia miguu wakavuta, wamepita hapo zamani. Nilikuwa ndani ya jukwaa Doha siku tulipofanya hivyo. Kebo ilijiachia ghafla, siza ikayumba kama mtumbwi unaopigwa na wimbi ubavuni, sote wawili tukashikilia uzio mpaka ilipotulia. Tangu siku hiyo kebo tunavuta tukiwa chini, juu ya rola, na siza tunapandia kwa kupanga na kufunga tu. Kama kazi yako ni ya kuvuta kebo nzito, usitafute siza kubwa zaidi ya kuvutia. Kodi rola.

Chaji, dizeli na upepo

Ndani ya jengo ni umeme, hakuna mjadala. Injini ya dizeli ndani ya ghala lililofungwa inatoa kabonimonoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo inamlaza mtu akiwa mita 8 juu. Siza ya umeme ina betri, nyingi zikiwa nne za volti 6 zilizounganishwa kuwa volti 24, na zinataka usiku mzima kujaa. Hapa ndipo saiti zetu zinapotushinda. Kwenye mradi mmoja Kibaha hatukuwa na umeme wa TANESCO bado, tulitumia jenereta. Jioni fomeni akaunganisha chaja vizuri kabisa. Saa moja usiku mlinzi akazima jenereta, kama alivyoagizwa kila siku, ili kuokoa mafuta. Asubuhi siza ilipanda mita 2 ikaishia hapo, siku ya watu wanne ikapotea na mashine imelipiwa. Kabla hujakodi ya umeme, jibu hili: usiku kucha, umeme wa chaja unatoka wapi, na nani amepewa ufunguo?

Fungua trei ya betri ukiwa yadi. Maji yawe juu ya bamba za ndani ya betri. Ukikuta bamba zimekauka na vichwa vina unga mweupe, betri hizo hazitakufikisha saa nane mchana, hata geji ikisema zimejaa. Maji ya betri huongezwa baada ya kuchaji, kwa sababu kabla ya hapo yatafurika, isipokuwa bamba zikiwa wazi, hapo weka kidogo zifunikwe kwanza.

Nje kwenye moramu, kifusi au udongo uliolowa, siza ya ndani usiipeleke hata kwa dakika kumi. Unahitaji ile ya ardhi mbaya, tairi kubwa zenye meno, zinazoendesha zote nne, nyingine zikiwa na miguu ya kujisawazisha. Ni nzito, tani 3 mpaka 5 na zaidi, kwa hiyo ardhi iwe imeshindiliwa, na lobedi iwe na njia ya kuingia hata mvua ikinyesha.

Upepo ni sharti la pekee. Tazama kibati cha maelezo kwenye mashine: mashine nyingi nyembamba zinaruhusu watu wawili ndani na mmoja tu nje, na nyingine haziruhusu nje kabisa. Zinazoruhusiwa nje kikomo chake ni mita 12.5 kwa sekunde, kama kilomita 45 kwa saa. Pwani yetu kusi likivuma, asubuhi pametulia na alasiri panabadilika. Nunua kipimaupepo cha mkononi, ukisome ukiwa juu, maana upepo wa chini si ule wa mita 9. Na ujue kwamba ghala lenye milango miwili mikubwa inayotazamana, yote wazi, tayari ni nje. Kijana akishika bati au bodi ya jipsamu huko juu, ameshika tanga.

Tairi: kama sakafu imeshapakwa rangi au epoksi, agiza zisizoacha alama. Hilo halina maelezo mengi.

Lini si siza

Nilisema jukwaa halivuki kitu. Kama chini ya kazi yako kuna mashine iliyofungwa, tanki, ngazi au rafu za mizigo, siza haitafika, na mtu ataanza kukanyaga uzio kujinyoosha. Hapo kodi lifti ya mkono mrefu. Kama ni taa mbili za mita 4, mnara wa aluminiamu wa magurudumu utamaliza kabla lobedi haijafika. Na karibu na nyaya za umeme, hata zile za 11 na 33 kV zinazopita mitaani, usisogeze jukwaa, mtu wala bati ndani ya mita 3. Kama kazi inalazimu, waite TANESCO wazime laini kwanza. Mimi ni mtu wa umeme, na kwenye hili sina mjadala na mtu.

Kwenye yadi

Nenda uione mwenyewe kabla haijapakiwa. Omba cheti cha ukaguzi cha OSHA, wakala unaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, usome namba ya cheti na namba ya mashine zilingane. Kule Doha mashine isiyo na stika ya mkaguzi wa nje haikupita geti, na mlinzi hakusikiliza hadithi. Uliza nani ataendesha. Kadi ya IPAF, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuendesha majukwaa haya, ikiwa ya siza imeandikwa 3a. Ya 3b ni ya lifti ya mkono mrefu, si kitu kimoja.

Halafu waambie wainyanyue mpaka mwisho bila mtu. Tazama vyuma vya kinga kama vimeshuka pande zote mbili. Pitisha tochi kwenye pini na viungo vya mkasi, tafuta ufa kwenye welding na mafuta mapya ya haidroliki. Iache juu dakika kumi ukiwa umechagua alama ukutani iliyo usawa wa jukwaa. Ikiwa imeshuka chini ya alama, iache hapo yadi. Bonyeza kitufe chekundu cha chini, kisha cha juu, kila kimoja kiizime. Angalia pete za kufungia mkanda kama zipo na hazijapinda. Saiti nyingi zinataka mkanda hata kama kuna uzio. Ukivaa, fupisha kamba, na ufunge kwenye pete ya jukwaa. Usijifunge kwenye kenchi, kwa sababu jukwaa likishuka wewe utabaki.

Kwenye mkataba nataka mambo mawili yaandikwe: ikiharibika, fundi wao afike ndani ya saa ngapi, na lobedi ya kuibadilisha analipa nani.

Cha mwisho ni mkono wa kuishushia kwa dharura. Uko chini, mara nyingi nyuma karibu na ngazi, na kwenye mashine tofauti unakaa mahali tofauti. Betri ikifa watu wakiwa juu, au aliye juu akizimia, huo ndio utakaowashusha. Siku mashine inapofika saiti, kabla ya kazi yoyote, nanyanyua jukwaa mita 2 likiwa tupu, kisha kila mmoja wa kikosi, na mama wa chai kama yupo karibu, anakuja kuuvuta kwa mkono wake mpaka jukwaa liguse chini.